Magombo Kumi na Matano: Ugumu wa Ghorofa za Mwisho za Shattered Pixel Dungeon

Mara ya kwanza nilipofika ghorofa ya 23 ya gemu ya simu iitwayo Shattered Pixel Dungeon nilikuwa nimeketi kwenye benchi la abiria hapa Mtwara mjini, nikisubiri kivuko cha kwenda Msangamkuu, na kabla kivuko hakijarudi upande wetu nilikuwa nimekwisha kufa. Aliyeniua ni nge mkubwa anayepiga kutoka mbali na kurudi nyuma kila unapomsogelea. Pigo lake moja lina nguvu ya 30 hadi 40. Mimi nilikuwa na uhai usiotimia 135, deraya ya ngozi niliyoiboresha mara mbili tu, na upanga wa wastani ambao ungelazimika kumpata mara nane au tisa ndipo aanguke. Yeye alihitaji kunipata mara nne. Mpwa wangu, aliyekuwa ananichungulia begani, hakucheka. Aliuliza kwa upole uliouma kuliko kicheko: “Mjomba, na hiyo ngozi umeshuka nayo mpaka huku?”

Tangu siku ile nimeirudia gemu hii kwa miezi kadhaa, safari hii nikiangalia jambo moja tu: ugumu wa ghorofa zake za mwisho unatoka wapi, na je, ni ugumu wa haki? Wapo wanaosema kwamba baada ya ghorofa ya 20 gemu huharibika na kuwa ya kuonea watu. Wapo pia, mpwa wangu akiwa mmoja wao, wanaosema kwamba ghorofa hizo ni rahisi mno kwa mtu aliyejipanga. Nimefikia kuamini kwamba pande zote mbili zinaeleza kitu kilekile wanachokiona kutoka pembe tofauti, na kwamba kasoro ya kweli ya gemu imejificha katikati ya kauli hizo mbili.

Kwa asiyeijua, hii ni gemu ya zamu ya ukoo wa Rogue, ile gemu ya mwaka 1980 iliyoanzisha desturi ya kushuka shimoni ambamo ramani hupangwa upya kila unapoanza, na ambamo ukifa umekufa. Hakuna kurudi mahali ulipohifadhi. Evan Debenham aliitengeneza kuanzia mwaka 2014 juu ya msimbo wa Pixel Dungeon, gemu ya mtunzi anayejiita Watabou, ambaye alikuwa ameuweka wazi kwa yeyote autakaye. Kwenye simu za Android ni ya bure, haina matangazo, na haihitaji intaneti ukishaipakua, jambo ambalo mtu anayesafiri mara kwa mara kati ya Mtwara na Masasi hawezi kulidharau. Kwa kuwa ni ya zamu, adui hasogei mpaka usogee wewe. Unaweza kuiweka simu mfukoni ukalipa nauli, ukasalimiana na jirani wa kiti, ukarudi na kumkuta nge wako amesimama palepale anakungoja.

Shimo lina ghorofa 26 zilizogawanywa katika sehemu tano za ghorofa tano tano: mitaro ya maji machafu, gereza, mapango, mji wa vibeti (wale watu wafupi wa hadithi), na kumbi za mashetani. Ghorofa ya 26 ndiyo yenye Hirizi ya Yendor, ambayo ni heshima kwa Rogue yenyewe, kwani huko nako hirizi ilikaa ghorofa ya 26. Kila sehemu hufungwa na bosi. Goo wa ghorofa ya tano ana uhai 100, Tengu wa ghorofa ya kumi ana 200, DM-300 na Mfalme wa Vibeti wana 300 kila mmoja, na Yog-Dzewa wa ghorofa ya 25 ana 1000. Shujaa wako huanza na uhai 20 na kuongezewa 5 kila anapopanda daraja, na daraja la juu kabisa ni la 30. Takwimu ninazozitaja ni za toleo nililonalo. Mtengenezaji huyu hachoki kurekebisha, kwa hiyo msomaji asishangae akikuta namba moja au mbili zimesogea.

Mtu akizitazama namba hizo haraka haraka atadhani kwamba ugumu unapanda kama ngazi, kutoka 100 hadi 1000. Mchezoni haiko hivyo. Ghorofa tano za kwanza ndizo zilizoniua mara nyingi kuliko nyingine zote, kwa sababu una uhai 20 au 30, dawa zote ulizookota hujui ni za nini, na kaa mmoja tu wa mitaroni, mwenye mwendo wa kasi kuliko wako, anaweza kukumaliza katika uwanja wa wazi. Goo anapovimba kujiandaa kwa pigo kubwa, anayeanza gemu hii hudhani ndiyo nafasi ya kumkaribia na kumpiga. Huo ni ugumu wa kufundishwa, na ni mzuri: unakufa, unajua kwa nini umekufa, unaanza upya na dakika kumi tu zimepotea. Sina neno nao.

Neno langu ni juu ya magombo.

Gombo la kuboresha ni karatasi ya uchawi inayokipandisha ubora kitu kimoja ulichonacho, na katika shimo zima kuna magombo 15 ya namna hiyo yaliyohakikishwa, matatu katika kila sehemu, na hayapungui hata ukiwa na bahati mbaya kiasi gani. Kadhalika kuna dawa 10 za nguvu, mbili katika kila sehemu, nawe unaanza na nguvu 10. Bahati ya kweli imo katika vingine: silaha gani utaikuta, pete gani, fimbo gani, na kama kitu ulichokiokota kimelaaniwa. Lakini mtaji wa msingi ni uleule kwa kila mchezaji na kwa kila safari, na mimi nauhesabu kuwa uamuzi bora kabisa wa mtunzi, kwa sababu unamnyima mchezaji kisingizio. Hakuna pia njia ya kuuongeza kwa jasho. Panya hakupi uzoefu wowote ukishavuka daraja la tano, na kila adui ana kikomo chake cha namna hiyo, huku njaa ikianza kukuuma kila upitapo zamu 300 bila kula. Mtu hawezi kukaa ghorofa ya nane akichinja walinzi wa gereza mpaka awe jabali. Unateremka na ulichonacho.

Sasa tufanye hesabu niliyokuwa sijaifanya siku ile ya kivuko. Kwa magombo 13 ambayo mtu huwa ameyapata akifika ghorofa ya 23, mimi niliweka manne kwenye upanga, matatu kwenye fimbo, matatu kwenye pete, mawili kwenye deraya, na moja nikalitunza mkobani kama akiba, kana kwamba kuna benki ya kulipeleka. Nilijiona mtu wa busara asiyeweka mayai kapu moja. Mpwa wangu, kwa upande wake, alikuwa ameikuta deraya ya chuma kizito tangu gerezani, akaweka magombo 11 humo humo. Deraya ile ikiwa mpya huzuia hadi 10 ya pigo, na kila gombo huiongezea 5 juu ya kikomo chake na 1 kwenye kima cha chini. Kwa hiyo yake ilikuwa inazuia kuanzia 11 hadi 65, wastani wa 38. Nge yuleyule wa 30 hadi 40 alikuwa akimpiga na mara nyingi namba inayoruka juu ya kichwa cha shujaa ilikuwa sifuri. Deraya yangu ya ngozi ilizuia 2 hadi 8.

Wawili tulioanza na mtaji sawa, tukala chakula kilekile, tukaua mabosi walewale wanne, tulifika ghorofa moja tukiwa katika gemu mbili zisizofanana. Mmoja alikuwa anakufa kwa mapigo manne, mwingine alikuwa anatembea. Hapo ndipo zinapotoka zile kauli mbili zinazopingana. Kinachosumbua ni kwamba katikati ya hali hizo mbili pana watu wachache sana: ghorofa za mwisho zinakusomea hukumu ya kesi iliyokwisha zamani kuliko zinavyokupa mtihani mpya. Mkulima wa korosho wa Newala au Tandahimba atanielewa bila maelezo. Mkorosho usiopigwa salfa wakati wa maua huonyesha ubwiriunga wake kwa wakati wake, na ukifika mwezi wa kumi ukiwa na bomba mgongoni unapuliza majani tu. Tofauti ni kwamba mkulima ameambiwa, na bwana shamba amepita. Mimi ile hesabu ya 15 niliijua kwa kufa.

Kimahesabu, sababu ya pengo hilo iko wazi. Ubora wa kila gombo hutegemea kitu unachokiboresha. Upanga mfupi wa mwanzoni hupiga 1 hadi 10, na kila gombo huupandishia kikomo kwa 2 tu. Upanga mkubwa wa tabaka la juu kabisa la silaha hupiga 5 hadi 30, na kila gombo huupandishia kikomo kwa 6. Magombo kumi kwenye ule wa kwanza yanakupa 11 hadi 30, yaani karibu kile ambacho ule wa pili unacho kabla hujaugusa. Isitoshe, kila kitu kizito kina mahitaji ya nguvu, na magombo hupunguza mahitaji hayo kidogo kidogo: deraya ya chuma inayohitaji nguvu 18 itahitaji 15 ikifika +6, yaani ikishaboreshwa mara sita. Mchezaji aliye ghorofa ya kumi huwa na nguvu 14 na magombo sita. Akiyaweka yote humo anakaribia kuivaa bila adhabu, ghorofa nyingi kabla ya wakati wake. Kwa maneno mengine, kurundika kunalipa mara mbili, kwanza kwa nguvu ya kitu chenyewe na pili kwa kukuwahisha kukitumia, na kutawanya kunaadhibiwa mara mbili kwa sababu hizo hizo.

Je, basi gemu ina njia moja tu ya kushinda? Hapana, na ningekuwa sijaitendea haki kama ningeishia hapo. Mchawi, mmoja wa mashujaa unaoweza kuwachagua, anaweza kurundika magombo kwenye bakora yake na kuunguza kila kitu kutoka mbali. Mwanamke mwindaji ana upinde unaokua wenyewe kadiri anavyopanda daraja, jambo linalomwachia magombo yake kwa kazi nyingine. Nimeshinda mara moja kwa pete, na mara hiyo naikumbuka kwa furaha kuliko zote. Njia ni nyingi, ila zote zina sharti moja: chagua kitu kimoja, uchague mapema, usirudi nyuma. Mtu mwenye tabia ya kuonja kila chungu hana nafasi katika ghorofa za mwisho.

Mtunzi anajua hatari ya deraya kubwa, na hapa ndipo uhodari wake unapoonekana. Kumbi za mashetani zina kiumbe ambacho ni jicho kubwa linaloelea, lenye uhai 100, na miale yake ya 30 hadi 50 haijali deraya ya chuma hata chembe. Mpwa wangu alikutana nalo ghorofa ya 23, mwishoni mwa ujia mrefu wa mawe. Alikuwa amezoea kutembea kifua mbele, kwa hiyo alikwenda nalo ana kwa ana. Jicho likakusanya nguvu kwa zamu moja, kisha likafyatua, na theluthi ya uhai wake ikaondoka kwa mkupuo. Nilimwona akinyanyua kidole kwenye kioo. Akatazama ramani. Badala ya kusonga mbele akachepuka hatua moja nyuma ya kona, akasubiri, na mwale wa pili ukapita mtupu pembeni yake. Akatoka, akapiga mara moja, akarudi konani. Alirudia hivyo mara tatu. Zile zamu kumi zilikuwa na mchezo mwingi kuliko ghorofa mbili nzima alizozipita kabla yake, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu gerezani alilazimika kufikiri asimame wapi, na siyo amevaa nini.

Laiti kumbi zote zingekuwa hivyo. Lakini macho yale hayatoshi, na yaliyobaki humo ama yanakuua kama nilivyouawa mimi na nge, ama yanakugonga deraya na kuanguka. Mji wa vibeti kabla yake una mchanganyiko ulio bora zaidi. Kuna mizuka inayofufuka ikiwa mwenzake yuko karibu, kwa hiyo unachagua nani wa kumwangusha kwanza na wapi. Kuna walozi wanaorusha giza lisilojali deraya. Kuna majitu ya udongo yenye uhai 120. Wote hao wakichanganyikana katika chumba kimoja, mwenye deraya na mwenye bakora wote wana kazi. Mfalme wa Vibeti mwenyewe, katika awamu ya kati ya pambano lake, hashikiki kabisa, na njia ya kumuumiza ni kuwaua vibaraka anaowaita, jambo linalomnyang'anya mwenye upanga mkubwa raha ya kumaliza kazi kwa mapigo mawili. Kwa maoni yangu hilo ndilo pambano lenye uwiano bora kuliko yote katika gemu nzima, na kwa namna fulani ingekuwa heri lingekuwa la mwisho.

Kwa sababu baada ya Mfalme kufa, maamuzi hukauka. Ukimaliza duka la mwisho, dhahabu yote utakayoiokota chini yake haina soko. Unaipita kama kokoto. Magombo matatu ya sehemu ya tano hayabadilishi tena sura ya shujaa wako, yanaongeza tu pale palipokwisha kuamuliwa. Vitu vingi unavyovikuta unavijua kwa majina na huvitaki. Nimejikuta mara kadhaa nikipita ghorofa za 21 hadi 24 kwa mwendo wa mtu anayefunga duka jioni.

Kitu kimoja kinachozuia mwendo huo ni vile vizalishi vya mashetani, na ninavisifu bila kusita ingawa najua wengi wanavichukia. Kila moja ya ghorofa hizo nne ina kizalishi kimoja kilichojikita sakafuni, kisichotembea, chenye uhai 120, kinachotapika viumbe warukao wenye makucha kila baada ya zamu kadhaa. Ukikiacha, wanakuja bila kukoma; ukikiendea, unalazimika kuivuka ghorofa nzima badala ya kuchungulia ngazi na kuteremka. Kikifa kinakuachia dawa ya kuponya. Na ukivipita vizalishi bila kuviua, Yog-Dzewa atawaita wale warukao katika pambano lake badala ya mabuu wake wa kawaida. Hapa gemu imefanya kile ninachoilaumu kwa kutokukifanya kwingineko: imekupa uamuzi mpya, katika ghorofa ya 21, wenye bei inayoonekana na malipo yanayoonekana, ambao hautegemei ulivaa nini ukiwa gerezani.

Yog-Dzewa mwenyewe ana ile namba ya 1000 inayotisha, lakini huwezi kuila kwa pupa. Akifika 700 anajifunga, na ngumi moja yenye uhai 300 inatokea. Mpaka uiue, yeye haumii. Hivyo hivyo akifika 400, na tena akifika 100. Ngumi ziko za aina sita katika jozi tatu, na kila safari unapewa moja kutoka kila jozi, kwa hiyo hujui mpaka ufike kama utakutana na ya moto, inayowasha majani na kukausha maji kandokando yake, au ya udongo, inayootesha majani na kukufunga miguu kwa mizizi. Wakati huo huo miale ya Yog inachora mistari sakafuni zamu moja kabla ya kufyatuka, kwa hiyo kila hatua unayopiga ina sababu. Mwenye deraya ya +11 hapa anapata jasho, maana ngumi kadhaa hupiga kwa uchawi kutoka mbali. Aliyetawanya magombo kama mimi hapa anaweza kushinda pia, mradi awe ametunza dawa na asikanyage mstari. Ni pambano la haki. Tatizo ni kwamba aliyetawanya magombo kwa kawaida halioni, kwa sababu nge wamemmaliza ghorofa mbili juu yake. Ghorofa nne za njiani ni ngumu kwa mnyonge kuliko bosi mwenyewe, na ni laini kwa mwenye nguvu kuliko bosi mwenyewe. Mpangilio huo umepinduka.

Ukishaichukua Hirizi unaruhusiwa kumaliza gemu papo hapo, au kupanda tena ghorofa zote mpaka nje. Nimepanda mara mbili. Maadui wa juu wanaongezewa nguvu, hivi kwamba panya wa ghorofa ya pili, yule uliyemuua kwa mapigo mawili ulipokuwa mgeni, sasa anakung'ata ukasikia. Huwezi kukimbia tu kuelekea ngazi, kwa kuwa Hirizi inakulemea kadiri unavyopanda bila kuua, na lazima uue ndipo mzigo upungue. Wazo hili nimelipenda kuliko nilivyopenda kulicheza. Kupita mapango yaleyale uliyokwisha kuyafyeka, ukiwa na deraya ileile, ni safari ndefu, na mara ya pili nilisinzia kwenye basi kati ya Mnazi Mmoja na Mtama nikiwa ghorofa ya 14, nikaamka na kuona hakuna kilichobadilika. Wapendao kupanda watanibishia. Wana haki yao.

Mpwa wangu alipousikia uhakiki huu nikimsomea, alinipinga katika hoja moja ambayo naona ni sharti niiandike. “Lakini Mjomba, wewe unataka gemu ikusamehe uliyoyafanya ghorofa ya saba. Sasa hiyo itakuwa gemu ya nini?” Sitaki inisamehe. Ningetaka yafanyike mambo mawili tu, tena madogo. La kwanza, mchezaji aonyeshwe tangu mwanzo, mahali asipoweza kupapita bila kusoma, kwamba magombo ya hakika ni 15 na siyo zaidi, kwa sababu ugumu wenye haki hauhitaji siri. La pili, sehemu ya tano ipewe kazi ya kufanya na dhahabu, hata kama ni duka moja la ziada lenye dawa mbili za bei ya kuumiza, ili aliyekosea magombo awe na njia nyembamba ya kujikomboa kwa akili na ubahili wake. Nyembamba, nasema. Siombi barabara ya lami.

Nimeipa gemu hii miezi mingi ya foleni, ya mabasi na ya jioni zisizo na umeme, na bado ningemshauri yeyote mwenye simu ya kawaida aipakue leo. Ghorofa zake 20 za kwanza sijaziona zikifanyiwa vizuri zaidi katika gemu yoyote ya simu niliyoicheza. Ukishinda mara moja inakufungulia changamoto tisa unazoweza kuziwasha upendavyo, na mojawapo ni ile inayoondoa nusu ya magombo ya kuboresha shimoni. Mpwa wangu aliiwasha wiki iliyopita, akijiamini kwa deraya yake. Kwa magombo saba au manane hakuna tena anayeweza kuvaa ukuta; nge wanampata, walozi wanampata, na kila kona ya mawe imekuwa na thamani. Amekufa mara sita, mara zote kati ya ghorofa ya 16 na ya 19, na jana usiku, baada ya mzuka kumfufukia mgongoni, alinipigia simu kuniuliza ile pete niliyoshinda nayo niliiboresha kuanzia ghorofa ya ngapi.